Baada ya siku 28, mtoto anabebwa na bodaboda

Ukipiga 115 usiku wa manane kutoka Kitaya, mkoani Mtwara, ukasema mkeo ni mjamzito na damu inamtoka, simu hiyo haikukati hata senti. Atakayeipokea atauliza maswali mawili matatu, atatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana atampigia dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Dereva atakuja na gari lake, atamfikisha mgonjwa, na malipo yataingia kwenye simu yake. Familia haitoi nauli. Huo ndio m-mama, mfumo uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo machache ya afya vijijini ambayo walioyabuni walianza kwa kumfikiria mgonjwa aliyekwama, habari ya jengo ikaja baadaye.

Sasa mweke mtoto wa miezi 8 mahali pa huyo mama. Ana homa tangu juzi, na jioni hii macho yamegeuka, mwili umekakamaa. Kijiji ni kilekile, njia ni ileile, dereva ni yuleyule na pengine yuko macho. Lakini m-mama ilijengwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28. Aliyezidi hapo husafiri kadiri baba yake atakavyoweza, na huku kwetu maana yake ni bodaboda: baba nyuma ya dereva, mtoto kifuani ndani ya kanga, kichwa kikining'inia kila tairi linapoingia shimoni.

Hoja yangu ni fupi. Mpaka huo wa siku 28 usogezwe hadi miaka 5, na Mtwara na Lindi ziwe za kwanza kuusogeza. Mengine yote hapa ni sababu, pamoja na masharti mawili ambayo yasipotimizwa, gari la bure litakuwa limemleta mtoto kufia kwenye foleni.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kati ya hao, 24 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Hapo ndipo m-mama ilipolenga, na ililenga vizuri. Wanabaki 19. Hawa wamepita uchungu, kitovu na wiki za mwanzo zenye hatari kuliko zote. Wameshapewa jina, wameshaanza kucheka. Sitasema wote wangepona kwa kupata gari. Wapo wanaodhoofishwa na lishe duni kwa miezi mingi, wapo wenye maradhi ya kuzaliwa nayo. Lakini malaria kali, nimonia, kuhara na ajali huua kwa saa au siku chache, na ugonjwa wa saa chache hushindwa au hushinda kwa usafiri.

Kwa nini Mtwara na Lindi ndizo zianze? Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchi nzima. Mtwara ilikuwa karibu asilimia 20, ikitanguliwa na Tabora pekee. Halafu kuna kalenda yetu. Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba, minada huisha mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo mbu wanapokuwa wengi, fedha za korosho zimeshalipa ada, bati na madeni ya duka, na barabara za udongo zimegeuka uji. Ugonjwa unafika mfukoni pakiwa patupu na njia ikiwa mbovu, kwa pamoja, kila mwaka. Anayepanga huduma za dharura za watoto kwa mikoa hii bila kuitazama kalenda ya korosho anapanga kwa ajili ya mkoa mwingine.

Ajali nazo zina kalenda yake. Katikati ya mwaka, kuanzia Mei hivi, wakulima hupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kuna salfa ya unga na kuna viuatilifu vya maji, na hivi vya maji hugawanwa majumbani kwenye chupa za soda, kama mafuta ya taa yanavyohifadhiwa. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo, anaiona soda. Nyumbani huanza haraka ya kumtapisha, au kumnywesha maziwa kwanza, wakati aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa anaweza kuyavuta mapafuni na kuumia zaidi kuliko yalipokuwa tumboni. Maembe yakiiva wanaanguka watoto wanaopanda miembe. Uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida ya miaka na miaka, nyumba nyingi zina visima vya kukingia mvua, na kisima kisicho na mfuniko hakimchagui mtoto. Ongeza sufuria ya uji kwenye mafiga yaliyo usawa wa magoti ya mtoto, nyoka shambani, na pikipiki kwenye lami mpya.

Baba akifika zahanati, akimkuta mhudumu na mhudumu akiutambua ugonjwa, ataandikiwa rufaa. Karatasi ya rufaa haina magurudumu. Gari la wagonjwa lipo kituo cha afya au hospitali ya wilaya, pengine limeshatoka na mgonjwa mwingine, pengine ndugu wataombwa kuchangia mafuta. Nimesikia malalamiko ya mafuta katika wilaya zaidi ya moja, na sidhani kama waganga wafawidhi wanaoyaomba ni watu wabaya. Wanaendesha gari kwa kifungu kilichokauka. Mwenye bahati anaishi kando ya lami. Kutoka Nangurukuru hadi Liwale ni zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa vumbi kiangazi na tope masika. Mtoto anayepumua kwa shida hapimi njia hiyo kwa kilomita.

Hapa ningependa wanaopenda kugawa dawa na kuondoka wasikilize, kwa sababu kuna ushahidi unaotuhusu moja kwa moja. Kuna dawa ya malaria kali, artesunate, inayowekwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu wa zahanati anaweza kumpa mtoto asiyeweza kumeza kabla ya kumpeleka mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika Ghana, Bangladesh na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa kwa watoto waliochukua zaidi ya saa 6 kufika hospitali, dawa hiyo ilipunguza karibu nusu ya hatari ya kufa au kupata ulemavu wa kudumu. Habari njema. Baadaye dawa hiyohiyo ikasambazwa kwa wingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda, na watafiti wakafuatilia kilichotokea katika maisha ya kawaida, bila magari ya mradi wala madaktari wa mradi. Vifo havikupungua. Watoto walipewa dawa, wengine hawakwenda mbele, na waliokwenda hawakumaliziwa tiba ipasavyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisimame kwanza kuitanua huduma hiyo, na mwaka uliofuata likatoa mwongozo mpya unaotaka mnyororo mzima uwepo: dawa ya awali, safari, na tiba kamili hospitalini.

Dawa ileile, matokeo mawili. Tofauti ilikuwa njiani na mwisho wa njia.

Tuna ushahidi wa nyumbani pia. Miaka ya 2010 mwanzoni, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walifanya jaribio kubwa katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara. Wajitoleaji wa vijijini waliwatembelea wajawazito na waliojifungua, wakawafundisha usafi, kunyonyesha mapema na dalili za hatari. Tabia zilibadilika, akina mama walisikia na kutenda. Vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko vijiji visivyotembelewa. Yule alikuwa mtoto mchanga na mimi namzungumzia aliyekua kidogo, lakini somo linavuka umri. Tunapenda sana "kutoa elimu kwa jamii", labda kwa sababu haina gharama ya mafuta. Mama wa Ruangwa ameshaelimika. Anachosubiri ni gari, na mtu wa kumpokea.

Na tuache kumbebesha lawama bibi. Huku Kusini, kama Pwani nzima, wapo wazee wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo aanze kwa mganga wa kienyeji. Wahudumu wa afya huisimulia imani hiyo kwa kucheka au kwa hasira. Itazame kwa macho ya bibi: ameona wajukuu wangapi wakifikishwa hospitali siku ya tatu, wakiwa hawana fahamu, wakachomwa sindano na kufa muda mfupi baadaye? Aliona vizuri, ila alichokiona ni ucheleweshaji. Watoto watatu wa kijijini wakifika mapema na kurudi wakikimbia watafanya kazi ambayo mabango hayajaifanya. Wakati huo huo, cha kumwambia leo ni kifupi: mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu degedege likiendelea, na safari ianze. Malaria kali hushusha sukari mwilini. Mhudumu wa zahanati asiyeweza kupata mshipa haraka anaweza kuweka kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa maji chini ya ulimi. Ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, na sukari ipo kila kijiji.

Nakuja kwenye masharti. La kwanza ni mlango.

Kabla ya mwaka 2001, Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilikuwa na mapokezi ya watoto yanayofanana na mengi ya kwetu: umati, benchi, aliyewahi ndiye wa kwanza. Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake wakapanga upya. Kila mtoto akatazamwa anapoingia tu, mwenye dalili ya hatari akapelekwa chumba cha dharura hapohapo, wauguzi wakafundishwa kuanza tiba bila kumsubiri daktari. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa 10 hadi 18. Baada ya mabadiliko wakawa 6 hadi 8. Hakuna mashine ya ajabu iliyonunuliwa. Walibadilisha nani anatazamwa kwanza na nani anaruhusiwa kuanza.

Utaratibu huo, wa kuwachambua watoto kwa dalili wanapofika, una mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na umefundishwa nchini. Kinachonikera ni jinsi unavyoyeyuka kwenye dirisha. "Dada, mwanangu kashikwa." "Panga foleni, mama, wote hapa ni wagonjwa." Halafu kadi, halafu namba ya malipo, ingawa sera ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi. Mtu wa kwanza kumwona mtoto katika vituo vyetu vingi ni mlinzi, wa pili ni karani. Basi mlinzi na karani wafundishwe kwanza! Dalili za kumkimbiza mtoto ndani hazihitaji stashahada: hapumui vizuri au amegeuka rangi midomoni, viganja vya baridi, hana fahamu au anatikisika, anaharisha na amelegea macho yakiwa yamezama. Nusu saa ya mafunzo na karatasi ukutani.

Kwa majeruhi kuna kizuizi cha pili, PF3. Fomu hiyo ya polisi ina kazi yake mahakamani na siigombi. Lakini mzazi wa mtoto aliyegongwa na pikipiki bado anaweza kuambiwa akailete kwanza, kituo cha polisi kikiwa upande wa pili wa mji. Viongozi wa Serikali wamesema zaidi ya mara moja kuwa majeruhi atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Kauli ya kwenye kamera haifiki zamu ya usiku. Iandikwe, igongwe muhuri wa mganga mkuu wa mkoa, ibandikwe kwenye kila dirisha la mapokezi ambako mzazi naye anaweza kuisoma na kuinyooshea kidole.

Sharti la pili ni vitu vya saizi ya mtoto. Tangu mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 uliotokana na Uviko, tumepata majengo ya dharura katika hospitali nyingi, watu wanayaita EMD, na ni jambo jema. Muhimbili ilipofungua idara kamili ya dharura mwaka 2010 ilikuwa peke yake kati ya hospitali za umma. Ila ingia umwombe mwenye zamu akuonyeshe barakoa ya oksijeni ya mtoto wa mwaka mmoja, begi la kumpulizia hewa la saizi yake, kanula ndogo, kipima oksijeni kinachoshika kidole chembamba, na jedwali la dozi kwa uzito. Kimoja kikikosekana, jengo lote kwa mtoto huyo ni kivuli tu. Oksijeni nayo inataka umeme usiokatika. Mikoa yetu imeishi na umeme wa kukatika miaka mingi, huku gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ikiwaka kwenye mitambo ya Dar es Salaam; sitaingia tena kwenye ugomvi wa bomba la gesi wa 2013, nasema tu kwamba mitungi ya akiba ijazwe kabla ya masika.

Damu pia. Malaria humla mtoto damu hadi viganja vyake vinakuwa vyeupe, na kituo cha damu salama cha Kanda ya Kusini kipo hapahapa Mtwara. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi. Shule zikifungwa Desemba, benki inapungua wakati mvua inaanza. AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zinazokutanisha mamia ya wanachama msimu huohuo hazionekani kama mahali pa kuchangia damu, na sioni sababu.

Neno moja kwa wanaodhani dharura ya mtoto ni kunakili miongozo ya nchi tajiri. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliofika na homa kali na mzunguko mbovu wa damu. Waliopewa dripu nyingi kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza, walikufa zaidi: takribani 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Haikuwahusu wenye kuhara wala walioungua, hao wanahitaji maji na wapewe. Lakini ilionyesha kuwa mtoto wetu mwenye malaria na damu kidogo si mtoto wa vitabu vile. Hospitali ya Muheza ilikuwa sehemu ya utafiti huo. Mhudumu wetu anahitaji kufundishwa upya mara kwa mara, na cheti cha semina moja cha miaka kumi iliyopita hakimtoshi.

Watakaopinga kusogeza mpaka hadi miaka 5 watasema fedha. Ni kweli simu zitaongezeka. Kila mzazi mwenye mtoto wa homa atapiga. Ndiyo maana 115 ina watu wa kuuliza maswali. Maswali ya mtoto yapo tayari: anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Ni dalili za hatari ambazo wahudumu wa zahanati wamefundishwa tangu Tanzania ilipoanza mpango wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja mwaka 1996. Ongeza kupumua kwa shida na ajali kubwa. Asiye na hata moja ataambiwa aende zahanati asubuhi. Na kwa kuanzia, mtoto wa zaidi ya siku 28 asafirishwe kwa rufaa tu, kutoka zahanati kwenda juu, kwa simu ya mhudumu. Hapo hakuna wa kudanganya, na halmashauri itajua gharama halisi ndani ya msimu mmoja.

Wengine watasema hospitali za juu zipo tayari. Zipo: Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda na Nyangao za wamisionari ambazo zimebeba Kusini kwa vizazi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mafuriko vilipokata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, tuliona maana ya kuwa na tiba upande huu wa Rufiji. Mitengo ni jibu la swali la "tumpeleke wapi". Mtoto wa kijijini Mkwiti bado anauliza "kwa usafiri gani".

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, mvua zikiwa katikati. Diwani anayetaka pa kuanzia aombe rejista za rufaa za zahanati za kata yake, kurasa za Januari hadi Mei mwaka uliopita, atenge watoto waliozidi siku 28 na hawajafika miaka 5, kisha aulize mambo matatu kwa kila jina: saa ya kuandikiwa rufaa, saa ya kupokelewa hospitali, na nani alilipa usafiri. Aende nayo kwenye kikao kabla kifungu cha mafuta hakijapitishwa.